Sehemu ya Kumi ya Sekunde

Mume wangu alikuwa dereva wa trela, akitoa makontena bandarini. Asubuhi moja breki zilimkatalia kwenye mteremko, si mbali na kwetu Magongo, akalivaa lori lililokuwa limeegeshwa kando ya njia. Mimi wakati huo nilikuwa darasani, nafundisha fizikia.

Eda ilipokwisha nilirudi kazini. Somo lililokuwa likinisubiri lilikuwa la kani. Nikaandika ubaoni: kani ni masi mara mchapuko. Nikaeleza kwamba mchapuko ni kule mwendo kubadilika, iwe gari linaongeza mbio au linasimama.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, gari likisimama ghafla, aliye ndani naye?"

Wenzake, waliojua yaliyompata mume wangu, wakamtazama kwa hasira. Nikawaambia wamwache, swali lake zuri.

"Yeye huendelea na mwendo uleule," nikamjibu, "mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha."

Wakataka mfano. Nikaandika masi kilo sabini. Mwendo, mita ishirini kwa sekunde. Muda wa kusimama, sehemu ya kumi ya sekunde. Ishirini ukigawa kwa muda huo unapata mchapuko wa mia mbili. Mara sabini, kani ya nyutoni elfu kumi na nne. Ni kama kulaliwa na mzigo wa karibu tani moja na nusu. Wakanakili. Hakuna aliyejua kilo sabini zile zilikuwa za nani. Nilifuta ubao mwenyewe, nikatoka nje.

Ijumaa nikaenda Magogoni kumtazama mavyaa wangu. Tulikuwa tumekaa barazani tukichambua mchicha. Tangu mazishi hakuwa amemtaja mwanawe mbele yangu.

"Mwanangu," akaniita.

"Abee, mama."

"Wewe umesomea mambo haya ya magari na vishindo. Niambie kweli, usinifiche. Mwanangu aliumia?"

Niliuweka mchicha chini. Nikamwambia kwamba kishindo kile kilikuwa kikubwa mno na muda wake mfupi mno. Mtu hawahi kuhisi. Maumivu huchukua muda kufika, na yeye muda huo hakuwa nao.

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

Akajifunika uso kwa upindo wa leso yake, akalia. Kisha akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea na mchicha.

Sikumdanganya. Ila hesabu yangu ilianzia pale magari yalipogongana. Kabla ya hapo kulikuwa na mteremko mzima, na mume wangu akikanyaga breki zisizoshika, macho wazi, akiliona lile lori linazidi kumkaribia. Hilo hakuniuliza, nami sikulisema. Usiku huzipigia hesabu peke yangu sekunde zile za mteremkoni, na mpaka leo sijapata jibu.