Gia ya Nne Waliyonifungia

Nilipopasuliwa goti la kushoto, daktari aliniambia nisikanyage tena klachi. Aliniambia mimi. Hata hivyo, kabla nyuzi hazijatolewa, ukoo mzima ulikuwa umekwisha kuielewa kauli hiyo kwa namna yake: kwamba gari la marehemu baba limekosa dereva, na kwamba lihamie kwa kaka yangu mkubwa.

Gari lenyewe ni la enzi za ujana wa baba, jeupe, lenye pua ndefu na taa za mviringo. Aliniachia mimi, tena kwa kutamka mbele ya watu, kaka akiwemo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye chini ya gari kumshikia spana. Kwa gari hilo nilikuwa nikitoka Geita kwenda Ushirombo kumwona mama wakati wowote nilipotaka, bila kumwomba mtu. Hicho ndicho nilichokuwa karibu kukipoteza.

Kaka, anayeishi Ushirombo jirani na mama, alikuja kunijulia hali, akakaa mwisho wa kitanda, akahurumia goti langu kwa muda wa kutosha, kisha akafika kwenye hoja yake.

"Mdogo wangu, gari haliendeshwi kwa moyo. Lina pedali tatu, na wewe una mguu mmoja na nusu."

"Basi nitaondoa pedali moja."

Alicheka sana. Alidhani ni utani.

Giaboksi niliipata Shinyanga, kwa mtu anayeuza vipuri vya magari yaliyopata ajali. Ilitolewa kwenye gari lililobomolewa ubavu mzima, lakini chini lilikuwa halijaguswa. Ilikuwa ya otomatiki, ya zamani kiasi cha kutohitaji kompyuta, na ilikuwa na ovadraivu, yaani ile gia ya nne inayoiacha injini ipumue gari likishachanganya. Kuhusu gia hiyo ya nne sikukubali mjadala. Injini ya baba imezeeka, na njia ya kutoka Geita kupita Katoro na Bwanga hadi Runzewe, kisha Ushirombo, ni ndefu. Gia tatu tupu zingeipigisha kelele mwendo wote, na mafuta ya giaboksi yangechemka.

Gereji niliyoichagua iko Kalangalala, palepale Geita. Kaka alishikilia kunisindikiza siku ya kwanza, nami, kwa kuwa bado nilitembelea mkongojo, nikakubali. Nilimweleza fundi nilichotaka, hatua kwa hatua. Alinisikiliza kwa makini huku akimtazama kaka.

"Kwa hiyo, mzee, tuifunge?" alimuuliza yeye.

"Gari ni langu," nikasema.

"Ndiyo, madamu, nimekuelewa." Kisha akamgeukia kaka tena. "Tuifunge?"

Kaka alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba ameombwa binti.

Sitasema kwamba kazi yao ya chuma ilikuwa mbaya. Kila nilipomaliza kufundisha vipindi vyangu chuoni nilikwenda kukaa pale na kuitazama. Waling'oa pedali ya klachi, wakatoboa upya mahali pa kufungia giaboksi, wakaipeleka propela, ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, kwa mchomeleaji akaikata na kuiunga iwe fupi, kwa kuwa giaboksi hii ni ndefu kuliko ya awali, wakapitisha mabomba ya kupoozea mafuta hadi kwenye rejeta. Nilipouliza kilipo kitufe cha kuruhusu au kuzuia ovadraivu, fundi alinionyesha mkono wa gia, safi, usio na kitufe.

"Hii inaingia yenyewe, madamu. Wewe kanyaga mafuta tu."

Mama anayeuza chai getini alinipigia makofi nilipoliwasha gari siku ya kulichukua. "Hongera, mayu, mama yangu! Sasa unaendesha kitajiri, mguu mmoja umepumzika!"

Niliondoka Geita kuelekea Ushirombo nikiwa na furaha ya kitoto. Nilipoipita Katoro, furaha ilianza kuingiwa na shaka: injini ilikuwa inalia ile sauti ya gari linalosubiri kubadilishwa gia. Nikaachia mafuta kidogo, kama unavyofanya kuishawishi otomatiki ipande. Haikupanda. Baada ya Bwanga nilisikia harufu ya mafuta yanayoungua, na mshale wa joto ulikuwa umevuka nusu. Niliburuza gari hadi Runzewe, nikaegesha mbele ya maduka, nikampigia fundi.

"Gia ya nne haiingii."

"Unakimbia spidi ngapi, madamu?"

"Nimekuambia habari ya gia."

"Kwani kaka yako hakukuambia?"

Matajiri wa huku kwetu wenye malori ya kubeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye mashimo wana desturi moja: humwekea dereva wa kuajiriwa boliti chini ya pedali ya mafuta, pedali isifike mwisho, asilikimbize gari la watu. Fundi alikiri kwamba kaka alikuwa amerudi gereji peke yake na kuagiza nifungiwe vivyo hivyo. Fundi akaona hakuna haja ya boliti. Alizikutanisha nyaya mbili za kitufe cha ovadraivu, akazizungushia tepu, akakificha kitufe, na giaboksi ikaamini kwamba siku zote imeamriwa isivuke gia ya tatu.

"Alisema wewe ni mgonjwa wa goti, na mama mtu mzima, usije ukapitiwa na mwendo," fundi alieleza. "Nami nikaona ni busara ya mzee."

"Na gari likiungua?"

"Ukienda polepole haliungui. Usiguse kitu, madamu. Subiri kaka aje."

Nilikata simu. Dereva wa lori anaijua boliti yake. Huonyeshwa siku ya kwanza, na akitaka huacha kazi. Mimi nilifungiwa gari langu mwenyewe, kwa agizo la mtu asiye mwenye gari, na gereji nzima ilijua. Yule wa propela alijua. Mama wa chai, aliyenipigia makofi, pengine naye alijua. Kila siku walinipokea na shikamoo madamu, nami nikiitikia marahaba, huku wakinitazama nikiisubiri gia waliyokwisha kuizika.

Nilitoa bisibisi kwenye buti, nikafungua kifuniko kilicho chini ya mkono wa gia. Nyaya zilikuwa pale, zimesokotwa kama kamba ya mbuzi. Nikazitenganisha, nikafunga tepu kila mmoja peke yake, nikangoja injini ipoe. Nilipotoka mjini Runzewe na gari likachanganya, nilihisi mtikisiko mdogo, kisha sauti ya injini ikashuka. Mshale wa joto ukaanza kurudi.

Kaka, niliyekuwa nimemwambia siku ya kuja, alikuwa ameshafika kwa mama, amesimama uani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alilizunguka gari, akagusa boneti. "Umeona lilivyotulia? Ndiyo faida ya kuendesha kwa adabu."

"Adabu hiyo nimeifungua Runzewe."

Mama, aliyekuwa akibangua karanga kwenye ungo, aliinua uso. "Adabu gani hiyo?"

Nikamweleza yote. Akamgeukia mwanawe. "Ulimfungia mwenzako gari? Na wewe ulipoliingiza hilohilo mtaroni, baba yako akalitoa kwa ng'ombe, nani alikufungia?"

"Mama, hayo ni ya zamani. Mimi nilikuwa namlinda."

"Ungenilinda kwa kuniuliza," nikasema.

Alininyooshea kiganja. "Lete ufunguo. Nyaya zikiachwa hivyo zitapiga shoti. Nitalirudisha mwenyewe kwa fundi."

"Nimezifunga tepu. Na gereji hatutakwenda wote tena."

Kiganja kilibaki hewani. Nilitia ufunguo mfukoni, nikakaa chini karibu na ungo wa mama, goti limenyooka mbele yangu kama mti, nikaanza kubangua karanga. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliziponda nyingi.

Hajaniomba radhi. Kwa ndugu husimulia kwamba aliniokoa, na wapo wanaomshukuru. Siku hizi nikienda Ushirombo simwambii siku wala saa. Hujua nimefika anaposikia injini uani kwa mama.