Hesabu ya Sakafu Niliyoiacha Mfukoni

Admin, ficha jina langu, lakini kisa usikipunguze. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na saba, ninaishi Ruiru na mke na watoto watatu, na wote wananiona mtu wa heshima zake. Sijui watanionaje wakisoma haya.

Miaka ya tisini nilikuwa nimetoka tu kusomea uinjinia chuo pale Juja, nikaandikwa na kiwanda kimoja cha nguo Thika. Walikuwa wamenunua kompyuta kubwa, zile za kujaza chumba, pamoja na makabati ya betri za kuishikilia stima ikipotea. Betri zilikuwa nzito kuliko kompyuta yenyewe. Vyote viwekwe ghorofa ya kwanza, nami nikaambiwa nipige hesabu kama sakafu itabeba.

Nilimtafuta fundi aliyeimwaga, nimwite Mzee Njoroge. Alinieleza yote bila kuficha: unene wa slabu, yaani zege la sakafu, vyuma alivyolaza, na kwamba ilijengwa ya kubeba meza na makarani. Hesabu ikanichukua siku tatu. Jibu lilikuwa kwamba sakafu itabeba mashine, ila hapo imefika mwisho wake. Wakiingia watu zaidi ya wanne ni hatari. Nikaandika hivyo kwenye karatasi. Lakini meneja hakuwa mtu wa kupelekewa "ila", na mimi nilikuwa mgeni kazini, kwa hivyo nikamwambia tu itabeba. Hiyo ya watu wanne nikasema nitamwambia baadaye.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na maombi. Mnatujua, hata posho mill ya kusaga unga hatufungui bila pasta. Pasta akaita kila mtu asogee aweke mkono juu ya mashine, na asiyefika ashike bega la mwenzake. Wakaingia kama arobaini. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilijiuliza nitamkatizaje mtumishi wa Mungu, nikafumba macho kama wengine.

Kona ya sakafu ilikatika kabla ya amina. Kabati moja la betri likaanguka stoo ya chini, na huko alikuwa mke wa Mzee Njoroge akipanga nguo, kazi ambayo mumewe ndiye aliyemtafutia. Lilimvunja nyonga. Hakutembea tena bila magongo.

Meneja alisema fundi aliiba simiti. Watu wakaamini, nami nikanyamaza, na karatasi nikaichoma kwa jiko. Mzee hakuitwa tena kwa mjengo wowote, Thika wala Ruiru. Akarudi kwao Murera kulima. Mimi nikawa namtembelea kila mara kwa kusutwa na dhamiri, hadi watoto wake wakaanza kuniita ankol.

Mwezi uliopita tulimzika mama huyo, mke wa mzee. Watu walipotawanyika, mzee alinivuta kando.

"Injinia, wewe ndio ulisoma," akaniambia. "Miaka hii yote naimwaga ile slabu kwa kichwa. Simiti niliweka sawa, vyuma sawa. Niambie nilikosea wapi, nimwombe mama msamaha."

Nilimwambia nitafikiria. Ananingoja Jumamosi hii.

Nikisema ukweli, nitamwambia mtu wa miaka themanini kwamba rafiki yake ndiye aliyemlemazia mke. Nikinyamaza, atakufa akiamini ni yeye. Jamani, nishaurini nifanye nini, ila msiniambie niombe tu. Siku ile niliomba, macho nimefumba.