Jumamosi Simu ya Sylvance Ilipokuwa Imezimwa

Kyule, msukuma mkokoteni wa maji huko Umoja, hakuamini watu ovyo. Stima zikikatika na mtandao kupotea, wauza maji walitumiana ujumbe simu kwa simu kwa Bluetooth: ya huyu hushika ya aliye karibu, nayo hushika ya aliye mbele, mpaka habari za mfereji wenye maji zimfikie kila mtu. Wengine waliacha ujumbe upite popote. Kyule aliwafungia kina Munene, wapinzani wake, wasipitishe ujumbe wake, akaamua kila neno lake lipitie kwa Sylvance, fundi viatu wa kona. Mtu asiyehama wala kusengenya, alisema, ni nguzo.

Nguzo yenyewe ilikuwa ya Kisabato.

Jumamosi ya ntheo, wakwe walipoleta mbuzi wa mahari ya mpwa wake, stima zilikatika alfajiri na mifereji ya karibu ikakauka. Kyule ndiye aliyeahidi maji ya kupikia. Alituma swali la mfereji wenye maji, akangoja lipite kwa Sylvance. Sylvance alikuwa kanisani, simu imezimwa tangu jua la Ijumaa kutua, kama imani yake inavyomtaka.

Dada yake, Mbithe, akatokea na mwiko mkononi. "Wakwe washafika, wanavua makoti. Mjomba anauzia mtaa mzima maji, na sufuria zangu ni kavu."

"Sylvance atajibu."

"Sylvance anaimba. Wafungulie kina Munene."

"Munene ni mwongo."

"Basi tuwape wageni ukweli wako wanywe."

Kyule akawafungulia, uso kama aliyelamba shubiri. Ujumbe ukadandia simu ya msukuma mmoja wa kina Munene aliyekuwa akipita, ukatembea naye. Anayetembea hufikisha habari mbali kuliko nguzo iliyosimama. Na anayebagua wa kumpitishia neno asilalamike akishikwa na kiu.

Haukupita muda, Munene mwenyewe akaingia na mitungi iliyojaa.

"Niaje, mzee. Leo umekumbuka tuna masikio?"

"Weka pale."

"Yamepitia kwa waongo wengi, haya. Chemsha sana."

Mkwe mkubwa alipopewa chai, akauliza, "Mjomba, na ukame huu, maji umeyatoa wapi?"

Kuwadanganya wakwe ni kumtuma binti kwao na deni la uongo.

"Mimi nilikosa," Kyule akasema. "Ameyaleta huyu, Munene."

Kisha akamsogezea Munene kiti, upande wa wajomba.