Tosha, Mama!

Jumanne, nikiwa kwenye duka la simu pale Albert Park, mtaa wetu wa wahamiaji, mama mmoja Mkenya alileta diski yenye barua za marehemu baba yake. Kompyuta iliyoziandika ilikufa zamani. Fundi, Mkongomani, anayo ya enzi hizo hizo, ila ya kampuni nyingine.

"Hizi hazisikilizani," alisema, "lakini iko programu ya kuzipatanisha."

Akainama kuitafuta. Mama, kwa haraka zake, akaingiza diski. Skrini ikauliza: haisomeki, ifutwe?

"Nibonyeze ndiyo?"

Fundi akaruka. "Tosha! Tosha, mama!"

"Nini imetosha?" Kidole chake kilikuwa kinaning'inia juu ya kitufe.

"Diski! Tosha!"

Hata mimi Mtanzania nilikodoa macho tu. Fundi akaichomoa mwenyewe. Kumbe kwao kutosha ni kutoa.

Programu ilipofunguka, barua zilisomeka zote, mama akalia kimya kimya. Nikamuuliza fundi kama hana programu kama hiyo ya sisi watu.

"Tosha wasiwasi, papa," akanijibu.

Nilirudi nyumbani ninao wa kutosha.