Alichosema Amna Kizimbani

Winifred Oldroyd alikuwa binti wa fundi wa mabasi, na lafudhi yake ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hakuiacha hata alipovaa wigi la manyoya ya farasi kutetea wezi na wauaji mbele ya majaji waliosoma shule za kifahari. Mimi nilikuwa karani wake pale Leeds kwa miaka kumi na minne. Nilimpokelea kesi, nikampangia siku, nikamkumbusha kula. Alianza na jinai. Baadaye, alipochoka kuona wateja wanamaliza kifungo na kukuta maofisa wa uhamiaji wanawangoja langoni, akahamia kesi za wakimbizi na haki za binadamu. Huko hawavai wigi.

"Afadhali," aliniambia. "Lilikuwa linaniwasha."

Siku ya kesi ya Amna Hummed nilikwenda naye kumbebea mafaili. Amna alikuwa mfugaji wa mbuzi kutoka Eritrea aliyeomba hifadhi. Jaji alimuuliza kama anamwelewa mkalimani, Bwana Habtom, mtu mtanashati tuliyemzoea. Habtom akatafsiri swali, Amna akajibu kwa sauti ndogo.

"Anasema ananielewa vizuri, Mheshimiwa."

Wakili wa serikali akauliza kaka yake alipatwa na nini. Amna alieleza kwa kirefu, huku akiukunja na kuukunjua ushungi wake.

"Anasema kaka yake alikuwa askari," Habtom akasema, "na alimpeleka kisimani."

"Kwenye maelezo yako ya maandishi kaka yako ni mchungaji," wakili akasema. "Leo amepata bunduki?"

Bi Oldroyd akafumba macho. Ndivyo alivyofanya kila mteja alipojichimbia kaburi kwa mdomo wake.

Mzee mmoja aliyekuwa benchi la nyuma, amevaa koti la mvua, akisubiri kesi ya mpwa wake, akasimama.

"Hakusema hivyo."

Jaji alimwambia akae. Hakukaa.

"Niwie radhi, Mheshimiwa. Amesema askari walimchukua kaka yake kisimani. Huyu binti anasema Kitigre. Bwana huyu anajua Kitigrinya. Majina yanakaribiana, lakini ni lugha mbili." Akamgeukia Habtom. "Ndugu yangu, tangu asubuhi nakusikiliza. Unaokota neno hapa, neno pale, panapobaki unajaza mwenyewe. Huoni haya?"

Jaji akamuuliza Habtom kama ni kweli.

"Maneno mengi yanafanana," akajibu, macho chini. "Kampuni iliyonituma ilisema nitaweza tu."

Kesi ikaahirishwa. Nilidhani Bi Oldroyd angefurahi, maana mteja wake alikuwa ameokoka. Nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, midomo imepauka.

"Saleh," alisema.

Nikamkumbuka. Miaka miwili nyuma, kijana Saleh alishindwa kesi kwa sababu hadithi yake ilibadilikabadilika. Mkalimani alikuwa Habtom. Baada ya hukumu Bi Oldroyd alimwambia kijana kwamba angesema ukweli tangu mwanzo, angemsaidia.

"Nilimgombeza," alisema. "Na hata hayo aliyatafsiri Habtom. Sijui Saleh alisikia nini."

Tulifungua makabati. Mafaili tisa yalikuwa na jina la Habtom. Wateja watatu walikuwa wasemaji wa Kitigre. Amna alisikilizwa upya majira ya kuchipua, kwa mkalimani mwingine, akaruhusiwa kubaki. Wa pili naye kesi yake ikafunguliwa, akashinda. Saleh alikwisha kuondolewa nchini. Namba ya simu aliyotuachia ilipokewa na mwanamke aliyesema lugha ambayo mimi wala Bi Oldroyd hatukuijua, kisha akakata.

Bi Oldroyd akaiandikia mahakama maelezo kuhusu kesi ya Saleh. Humo alikiri kwamba alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwa mteja wake, asitambue kuwa hatafsiriwi. Bwana Pickersgill, mkuu wa ofisi yetu, alimfuata mezani.

"Winnie, unajichafulia jina. Nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana nasema mwenyewe."

Tangu hapo hakuingia mahakamani na mteja kabla hajamleta mtu wa pili wa lugha ileile asikilize. Wenzake walimtania kwamba anakodi kwaya. Kuhusu Saleh, tuliandika barua kwa mashirika manne. Matatu yalijibu kwamba hayamjui.