Kifuniko cha Muhogo Siku ya Wakwe

Mimi sikuwahi kuwa mpishi mzuri, na mama hakuwahi kunificha hilo. Alisema Mungu alinipa mikono ya kupika vitu visivyoliwa. Alikuwa anaisema kazi yangu ya Mbarara, ambako mwalimu mmoja wa kemia, mama Mnyankore mwenye subira kunizidi, alinichukua katika chumba chake cha majaribio ili tutengeneze plastiki ya muhogo.

"Plastiki ya muhogo?" mama aliuliza mara ya kwanza. "Na siye tutakula nini, nailoni?"

Lakini ilikuwa kweli. Tulikuna muhogo, tukaukamua, tukaacha wanga utuame chini ya beseni, tukamwaga maji na kurudia mpaka ukawa mweupe pee. Kisha tuliupika na gliserini kidogo ya duka la dawa na tone la siki, tukaumwaga juu ya kioo ukauke. Siku ya pili tulibandua karatasi laini, angavu, unaweza kuiweka juu ya gazeti ukasoma. Shida ilikuwa moja tu. Ukifunikia chakula cha moto, mvuke ulipanda ukashika matone, na karatasi ikapofuka kama miwani ya mzee anayekunywa chai. Wauza chakula wa mjini walituambia wazi kwamba mteja hanunui asichokiona.

Tulihangaika miezi. Dawa ilikuja kutoka kwenye sahani yangu ya mchana: bamia. Ute wake, ukichujwa vizuri na kupakwa juu ya karatasi, hauuzuii mvuke. Unaubembeleza tu ulale bapa kama mkeka, usijikunje kuwa matone. Mwalimu alifurahi kwa sababu ya sayansi. Mimi nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimechoka kukuna muhogo.

Wiki hiyohiyo wakwe walituma habari kwamba wanakuja kwetu Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kuniposa. Mchumba wangu alikuwa mfugaji mpole wa upande mwingine wa kambi, lakini neno la mwisho katika ukoo wao lilikuwa la baba yake mkubwa, mzee wa kanisa ambaye alikuwa ameshamkataa msichana mmoja kwa sababu kwao walimpa chai iliyopoa. Na mimi yule kijana nilimpenda. Niseme bila aibu: nilimpenda mpaka nikawa naunguza wanga. Mzee akiondoka na kinyongo, ndoa ingeishia hapo.

Mama alichinja kuku wetu mmoja. "Utabafunikia na kitambaa," akaniambia. "Si ile makaratasi yako."

Kwetu Kivu, tulikotoka, mgeni hawekewi chakula wazi. Kinafunikwa, watu wanaomba, halafu ndiyo kinafunuliwa. Lakini karatasi zangu nilikuwa nimezipakata kutoka Mbarara katikati ya magazeti, na mimi nikiambiwa usifanye, mikono inaniwasha. Nikaamua kujaribu kwanza kwa siri. Nilichukua kinofu kimoja cha moto kutoka sufuriani, kile kisicho na mfupa ili kisitoboe karatasi, nikakitia kikombeni, nikafunika, nikaweka dirishani. Nusu saa nzima karatasi haikushika hata ukungu. Basi, mama alipotoka kupokea wageni, nikalifunika bakuli la kuku kwa muhogo wangu.

Wakaketi. Baba mkubwa akaanza kuomba. Maombi yake yalianzia kwa Adamu, na tulipofika kwa Nuhu nikafungua jicho moja kuangalia mvuke. Hakuna tone. Mapaja, shingo, mabawa, vyote vilionekana. Ndipo nikagundua kwamba si mimi peke yangu niliyefungua jicho. Mzee naye alikuwa analikagua bakuli, mdomo ukiendelea na gharika. Jicho lake lilizunguka mara moja, likazunguka tena. Akamwacha Nuhu majini, akasema amina.

"Mama," akaanza taratibu, "hii kuku yenu ilizaliwa bila firigisi?"

Kile kinofu kisicho na mfupa! Kwetu firigisi ni ya mwanaume mkubwa aliyepo, na kumnyima mkwe ni kumwambia humhesabu kuwa mtu. Kuku mzima, mimi na akili zangu za Mbarara nikachagua kipande kimoja tu chenye mwenyewe. Mama alinitazama. Alijua ni mimi, maana alinizaa. Mchumba wangu aliinama akahesabu nyuzi za mkeka.

Nikaleta kikombe, nikapiga magoti. "Baba, ni mimi. Nilikuwa najaribu kifuniko." Nikamweleza yote, wanga, gliserini, bamia. Na bado nikawa naisifia kazi yangu, mjinga mimi.

Mzee alikigeuza kikombe kwenye mwanga. Firigisi ilionekana mule kama mchana.

"Miaka makumi tatu ninaomba mbele ya chakula ya kufunika," akasema. "Leo njo mara ya kwanza ninaona kile ninaombea."

Hakucheka, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kucheka. Akamgeukia mama. "Mwanaume wa hii nyumba ni nani?"

"Baba yao alibakia Kivu, mu udongo," mama akajibu. "Hapa ni mimi."

Mzee akabandua karatasi, akaipasua firigisi vipande viwili kwa vidole, akamnyooshea mama kimoja. "Basi tutagawana, mukwe wangu."

Nililisikia lile neno, mukwe, na machozi yakanitoka palepale, mbele ya watu wote. Mama alibaki na kipande mkononi. Katika maisha yake alikuwa amepika firigisi nyingi, na hakuwahi kuonja hata moja. Akakitia mdomoni. Akatafuna, akatafuna, sote tukingoja.

"Kumbe ni ngumu hivi," akasema. "Na hii njo mulikuwa munatunyima?"