Mwisho Sitini

Mafuta yalipopanda bei kwa mara ya tatu, bosi wetu aliogopa kupandisha gharama za mizigo, wateja wasije wakamkimbia. Akashusha mwendo. Alituita wote pale yadini Temeke, madereva na sie wa ofisini, akasema kuanzia Jumatatu hakuna lori lake litakalozidi kilomita sitini kwa saa barabara kuu, hata kama barabara ni tupu. Dereva akizidisha mara tatu, arudishe ufunguo.

Kazi ya kuwachunga nilipewa mie. Nilikaa mbele ya kompyuta, kila lori ni kidoa cha kijani kwenye ramani. Likivuka sitini, kidoa kinageuka chekundu, nami napiga simu. Sitaficha: niliipenda kazi ile. Nilikuwa natoka Chanika alfajiri, mwenye nyumba ananisema, bosi ananisema, halafu nakaa kwenye kiti kile na wanaume wenye mvi wananiomba radhi. Kichwa kilinivimba.

Dereva mmoja wa njia ya kusini nilimpenda kuliko wote. Mtu wa Lindi, umri wake ni wa kumzaa mdogo wangu wa mwisho. Nilimwamkia kila asubuhi, naye akiitikia ananitania kwamba Wahaya tukikosa ndizi siku moja tunaita kikao cha ukoo. Kila safari alimbebea mama yake kitu: sukari, kanga, dawa ya miguu. Nyumba ya mama ilikuwa kando ya barabara, kabla hujaingia Lindi mjini. Alishanaswa na makosa mawili, yote kwa sababu ya kutaka kumkuta mama hajalala. Niliyaandika yote mawili.

Siku moja, saa nne kasoro asubuhi, alikuwa amepita Ikwiriri na shehena ya mabati. Kidoa kikawa chekundu. Themanini na mbili. Nikapiga.

"Kaka, sitini bwana! Hili la tatu ujue."

"Dada, leo niache. Mama amefariki alfajiri. Wanazika baada ya adhuhuri."

Nilishtuka. Nikampa pole, na ningeishia hapo, ningekaa kimya, nimwache akimbie, ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini nikaongeza:

"Punguza tu, kaka. Si watakusubiri? We ndo mtoto wake."

Kwetu Bukoba marehemu husubiri. Baba yangu alikaa mochwari siku sita mpaka kaka yetu alipopata ruhusa kazini, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini nimekaa Dar miaka kumi na minne. Majirani zangu wengi ni Waislamu, nimeosha masufuria kwenye misiba yao, nimeona mtu akifa asubuhi na kuzikwa mchana. Nilijua kabisa. Dakika ile mdomo wangu ukasema ya kwetu, na kichwa hakikuuzuia, kwa sababu kilikuwa kinaangalia ile rangi nyekundu.

Hakubishana nami. Alisema, "Haya, dada." Kidoa kikarudi kuwa kijani, na lile la tatu sikuliandika. Nami nikaenda kunywa chai, na nilikunywa kwa raha.

Alifika saa nane na nusu. Aliwakuta wanamwagia maji kaburi. Walikuwa wamemsubiri kidogo, wakatazama barabarani, kisha wakaona haifai kumcheleweshea marehemu haki yake. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee. Ndiye aliyepaswa kushuka kaburini na kumpokea mama yake kwa mikono yake. Mama alipokelewa na jirani.

Alinisimulia mwenyewe aliporudi, amesimama dirishani kwangu na karatasi za mzigo mkononi. Nililia, nikamwomba msamaha. Akasema nisilie, nilikuwa kazini. Laiti angenitukana! Ningepata cha kushikilia, hata cha kumkasirikia. Mwisho wa mwezi bosi alinisifu mbele ya watu kwa mafuta yaliyookolewa, wenzangu wakapiga makofi, na yule dereva akapiga pamoja nao. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hajawahi tena kunipa kidoa chekundu. Lori lake sasa linakwenda arobaini na tano, kwenda na kurudi, mteremkoni na kwenye tambarare. Wateja wa kusini wameanza kulalamika kwamba mzigo unachelewa. Juzi bosi aliniagiza nimpigie aongeze mwendo. Nilizunguka na simu hiyo tangu asubuhi, mchana nikajikaza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada."

"Bosi anasema uongeze kidogo. Hata hamsini na tano tu, unaruhusiwa."



"Nimuwahi nani, dada?"